Timu ya kimataifa, ya nchini, ya chuo au ya ubia: nani akufanyie kazi ya nishati na mazingira Tanga?

Mwenye mradi Tanga, awe anataka kujenga ghala la baridi la samaki Sahare, kufunga paneli za jua juu ya paa la kiwanda Pongwe au kugeuza mabaki ya mkonge kuwa umeme kule Korogwe, hufika siku ya kuchagua wataalamu akiwa na mafaili mawili matatu mezani. Moja lina karatasi nzito, picha za mitambo ya upepo ya Ulaya na wasifu wa watu kumi na wawili wenye shahada za uzamivu. Jingine lina kurasa nane, mihuri miwili na bei iliyo theluthi ya ile ya kwanza. Ukiyapima kwa jina la kampuni au kwa tarakimu ya mwisho, unapima vifuniko na kuacha mchuzi ndani ya sufuria. Unachonunua hapa ni siku za watu: nani, mwenye ujuzi gani, atakaa Tanga siku ngapi, na alichoandika kitasomwa na nani.

## Anza na atakayesoma ripoti

Ripoti moja inaweza kuwa na wasomaji wanne, na kila mmoja anadai timu ya aina yake.

Wa kwanza ni serikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka Tathmini ya Athari kwa Mazingira (TAM) ifanywe na mtaalamu au kampuni iliyosajiliwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, na ujenzi usianze kabla cheti hakijatoka. Kanuni za 2005, zilizorekebishwa 2018, zinaigawa miradi katika makundi: A, ambayo lazima ifanyiwe tathmini kamili, B1, iliyo mpakani, ambayo uchunguzi wa awali ndio unaoamua, B2, isiyolazimika kufanyiwa tathmini kamili, na kundi maalumu. Mtu aliyezoea kazi hii atakwambia ndani ya nusu saa mradi wako unaangukia wapi na kwa nini. Anayehitaji wiki nzima kujibu swali hilo bado anajifunza, na ada ya masomo yake utailipa wewe.

Wa pili ni mkopeshaji. Benki za nje na mifuko ya maendeleo husoma ripoti kwa Viwango vya Utendaji vya 2012 vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, ambavyo ni vinane, au kwa mfumo wa Benki ya Dunia ulioanza kutumika 2018, wenye viwango kumi. Vinagusana na sheria yetu lakini havilingani nayo. Tofauti inayouma zaidi iko kwenye fidia. Kwa utaratibu wa nchi, mthamini aliyesajiliwa anathamini ardhi, majengo na mazao, anaongeza posho za usumbufu, usafiri na makazi, kisha Mthamini Mkuu wa Serikali anaidhinisha. Kiwango cha 5 cha IFC kinataka gharama kamili ya kununua au kujenga upya bila kukata uchakavu, na kinamhesabu pia anayepoteza riziki hata kama hana ardhi. Mama anayefunga mwani kwenye kamba baharini na mvuvi wa madema hawana kiwanja cha kuthaminiwa, kwa hiyo uthamini wa ardhi unawapita kama hawapo. Mkopeshaji atauliza wako wapi. Timu isiyojua kwamba swali hilo linakuja itaandika ripoti inayopata cheti na kukosa mkopo.

Wa tatu ni wewe mwenyewe, unapotaka kupunguza bili ya TANESCO au kujua kama mtambo utarudisha fedha. Hapo wala huhitaji TAM kwanza. Unahitaji mhandisi mwenye vipimo.

Wa nne ni mgeni kidogo, ila Tanga imekwisha kumwona: mwekezaji wa hatifungani ya kijani. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilitoa hatifungani ya miaka kumi ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji. Karatasi ya namna hiyo huhitaji mtu huru, asiye na mkono katika mradi, aseme kwamba fedha kweli zinakwenda kwenye kazi ya kijani, na baada ya hapo matokeo yaripotiwe. Aliyekuandikia TAM hawezi kuwa ndiye mthibitishaji huyo.

## Timu ya kimataifa

Nguvu yake ya kwanza ni kwamba inajua mkopeshaji atauliza nini kabla hajauliza. Imejaza majedwali ya IFC mara nyingi, inajua makazi nyeti ya viumbe yanavyobainishwa chini ya Kiwango cha 6, inajua orodha ya nyaraka ambazo mwanasheria wa benki atadai wiki ya mwisho. Ya pili ni ujuzi adimu: mtu wa kuunda modeli ya mtawanyiko wa matope baharini, mtu wa kukadiria uzalishaji wa upepo kwa viwango vya uhakika vya P50 na P90 (makadirio yenye uwezekano wa asilimia 50 na 90 wa kufikiwa), mtu wa kuchambua hatari ya mlipuko kwenye matangi. Watu hao unaweza kuzunguka Tanga, Moshi na Dar es Salaam usimpate mmoja aliye huru mwezi huu. Ya tatu ni bima ya dhamana ya kitaaluma. Kosa la usanifu likitokea kuna mahali pa kudai.

Udhaifu wake mkubwa hauonekani kwenye zabuni. Wasifu unaopamba faili ni wa wakuu, wanaokuja ni vijana. Profesa mwenye miaka thelathini ya kazi anaandikiwa siku mbili za "kupitia na kuidhinisha", na aliyetumwa Tanga ni mhitimu wa juzi ambaye hajawahi kuona mkandaa, mmoja wa miti ya mikoko. Kijana si tatizo, kila mtu alianza mahali. Tatizo ni kulipa bei ya mkuu na kupata kazi ya mwanafunzi.

Halafu kuna kodi. Malipo ya huduma kwa kampuni isiyo mkaazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, wakati mkaazi hukatwa asilimia 5. Mikataba mingi ya kampuni za nje ina kifungu kinachosema bei ni "baada ya kodi". Maana yake zabuni ya dola 60,000 inakuwa dola 70,588 (gawa kwa 0.85), na dola 10,588 za TRA zinatoka mfukoni mwako. Wengi hugundua siku ya malipo ya kwanza. Ongeza vibali vya kazi vya muda mfupi kwa kila mgeni: visipoombwa mapema, timu inakaa hotelini Raskazone inahesabu siku kwa gharama yako.

Na lugha. Mkutano wa kijiji unaoendeshwa kupitia mkalimani hukusanya majibu ya adabu. Watu watasema "tumefurahi kupata mradi", na manung'uniko yatabaki barazani baada ya magari kuondoka.

## Timu ya nchini

Hii inajua njia. Inajua taarifa ya mradi inaandikwaje, ripoti ya upeo na hadidu za rejea zinapelekwa lini, ziara ya wakaguzi inahitaji nini pale eneo la mradi, na maswali gani kamati ya wapitiaji huuliza kuhusu bandari, mkonge au saruji. Inaongea na mtendaji wa kata kwa simu. Ikiahidi siku ishirini uwandani, kwa kawaida inakaa siku ishirini, kwa sababu basi la kutoka Dar es Salaam halina bei ya ndege kutoka Frankfurt.

Inakoanguka ni kwenye kunakili. Fungua ripoti zake za nyuma, tafuta majina ya mito, wilaya na miti. Ripoti ya Tanga inayotaja "wakulima wa pamba wa eneo la mradi" imebebwa kutoka kanda nyingine ikabadilishwa jalada. Angalia pia orodha ya mimea: ikiwa ndefu kuliko siku zilizotumika kuikusanya, imetoka kitabuni.

Pili, mtu mmoja kuvaa kofia zote. Aliyesajiliwa anakuwa mtaalamu wa maji, wa jamii, wa ndege na wa uchumi ndani ya ripoti moja. Usajili wa NEMC unathibitisha kwamba anaruhusiwa kufanya tathmini. Hauthibitishi kwamba anajua mtambo wa gesi unavyofanya kazi. Hakikisha jina limo kwenye rejista na cheti chake cha kufanya kazi ni cha mwaka huu, kisha uliza upya: sura ya nishati ataiandika nani?

Tatu, vipimo. Sampuli moja ya maji iliyochotwa saa sita mchana siku moja ya kiangazi haisemi chochote kuhusu mto. Mto Zigi, unaolisha bwawa la Mabayani na hivyo mabomba ya jiji, una sura moja wakati wa masika na nyingine Februari. Dai sampuli za misimu miwili, na dai kuona hati za urekebishaji wa vifaa. Kipima sauti ambacho hakijarekebishwa kinaweza kukupa desibeli 52 usiku mahali penye 47, na kwa kuwa mwongozo wa IFC kwa makazi ni 45 usiku na 55 mchana, hesabu yote ya kuta za kuzuia kelele inakwenda mrama.

## Chuo na watafiti

Kwa swali moja jembamba hawana mshindani: hali ya matumbawe kwenye mwamba fulani, mwendo wa mchanga mdomoni mwa Pangani, mimea ya msitu wa Amani. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina watu walioitazama pwani hii kwa miaka mingi, na data ya miaka mingi huwezi kuinunua kwa miezi mitatu ya kazi.

Lakini usiwape uongozi wa kazi nzima. Kalenda ya chuo ina mitihani, na ripoti ya kitaaluma huishia na "utafiti zaidi unahitajika" mahali ambapo mkandarasi anataka kujua aweke bomba kushoto au kulia. Waingize kama sehemu ya timu, kwa hadidu za ukurasa mmoja na tarehe.

## Bahari ya Tanga inavyopima timu

Hapa ndipo timu nzuri na mbaya zinaachana haraka, kwa hiyo tukae kidogo.

Uliza kwanza juu ya mikoko. Ripoti ikiandika "mikoko ipo" imeandika sawa na kusema "miti ipo". Anayejua atatenga mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, msinzi na mlilana, kwa sababu kila mmoja unakaa mahali pake kati ya maji na nchi kavu na kila mmoja unavumilia matope tofauti. Mlilana uko mbele kabisa, baharini. Mchu unaweza kukaa mbele na nyuma pia, kwenye chumvi kali. Ukiziba mkondo kwa tuta la barabara, mchu wa nyuma ya mashamba ya chumvi ndio unaokauka kwanza, na ramani isiyotenga aina haitaonyesha hatari hiyo. Tena mikoko ni hifadhi ya taifa, haukatwi mti bila kibali cha TFS, wakala wa misitu. Hilo lazima liwemo kwenye ratiba, kwa maana linakula muda.

Uliza pili juu ya pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Oktoba, na mkondo wa pwani hubadilika nazo. Modeli ya mtawanyiko wa matope iliyolishwa vipimo vya wiki mbili za kaskazi inaweza kukuonyesha matope yakienda mbali na matumbawe, na kusi ikiingia yakarudi juu yake. Timu ya kimataifa ina programu nzuri ya kompyuta na wiki mbili za data. Ya nchini mara nyingi haina programu, lakini ina nahodha wa Mwambani anayejua maji yanakwenda wapi mwezi gani. Unavihitaji vyote viwili.

Tatu, bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Mikutano ya kijiji ikipangwa saa tatu asubuhi siku za bamvua, mahudhurio yatakuwa ya wanaume na wazee, kwa kuwa wanawake wako kwenye kina kifupi na mwani, pweza na chaza wakati maji yamekupwa. Ripoti itasema "wanawake walialikwa lakini ushiriki ulikuwa mdogo", na mkopeshaji atarudisha sura hiyo. Mtu wa jamii aliyekulia pwani hupanga mikutano ya wanawake siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu, na mingine alasiri. Ni jambo dogo, halihitaji shahada, na ndilo linaloangusha sura za ushirikishwaji kuliko lolote.

Nne, silikanti, samaki adimu wa kale wa kina kirefu. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Kigombe na jirani zake wamekuwa wakiwatoa samaki hawa kwa jarife zinazotegwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye eneo la kilomita za mraba 552. Mradi wowote wa gati, bomba la kutolea maji taka au uchimbaji wa njia ya meli ndani au karibu na eneo hilo unaingia kwenye mamlaka nyingine mbali na NEMC, ile ya hifadhi za bahari. Timu isiyoitaja hifadhi hiyo kwenye barua yake ya kwanza ikae pembeni.

## Upande wa nishati ni taaluma nyingine

Kampuni nyingi hujiita za "nishati na mazingira" zikiwa na watu kumi wa mazingira na fundi mmoja wa umeme, au kinyume chake. Pima kila upande peke yake.

Chukua kiwanda cha daraja la T2 la bei za umeme chenye mzigo wa kW 300 na pawafakta (uwiano wa umeme unaofanya kazi na unaochotwa) ya 0.75. TANESCO inaona kVA 400. Ukiipandisha hadi 0.95 inaona kVA 316, pungufu ya 84. Kwa bei zilizotangazwa 2016, ambapo kila kVA ya T2 ilitozwa shilingi 15,004 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1,260,336 kila mwezi kabla ya kodi. Kapasita, vifaa vya kupandisha pawafakta, zinazohitajika ni kVAr 166 hivi. Mhandisi yeyote wa umeme anafika hapo kwa kikokotoo.

Tofauti inaanza baada ya hapo. Mzuri ataweka kifaa cha kurekodi kwenye bodi kuu kwa siku zisizopungua saba, Jumapili ikiwemo, kwa vipindi vya dakika 15, kisha aangalie mawimbi machafu ya umeme (harmoniki) yanayozalishwa na inveta zinazoendesha mota. Kapasita zikifungwa bila riakta, koili za kuzikinga, kwenye kiwanda chenye inveta nyingi, zinapata joto, zinavimba na kupasuka ndani ya miezi. Asiyepima atakuuzia kapasita hizo hizo kwa bei nafuu. Ataacha pia kompresa za hewa, ambako uvujaji wa asilimia 20 hadi 30 ya hewa si ajabu na dawa yake ni spana na maji ya sabuni. Dai ukaguzi unaofuata ISO 50002, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi wa nishati, mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya wahandisi, na jedwali la vipimo ghafi pamoja na ripoti. Kwa kazi hii timu ya nchini yenye vifaa inatosha kabisa. Kumleta mgeni kupima pawafakta ni kupeleka nazi Pangani.

Paneli za jua nazo hazina fumbo, isipokuwa chumvi. Karibu na ufuko dai paneli zilizofaulu jaribio la ukungu wa chumvi la IEC 61701, na vishikizo vya alumini au chuma kisichoshika kutu. Ukichanganya boliti za chuma cha kawaida na fremu za alumini, kutu itaanza pale vinapogusana. Pia hesabu ya uzalishaji ikate joto: paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.35 hadi 0.4 kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na paa la bati mchana wa Januari liko mbali sana na 25.

Biogesi ya mkonge ndiyo inayohitaji mgeni. Singa, yaani nyuzi za mkonge, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hiyo kila tani moja ya singa huacha takriban tani 24 za mabaki chini ya korona, mashine ya kuchakata majani. Malighafi ipo tele, na Hale tayari iliingia kwenye historia kwa mtambo wa kwanza wa kutoa umeme kwa mabaki hayo. Ugumu uko kwenye tangi. Maji ya korona ni makali kwa asidi, wakati bakteria wanaotoa methani wanataka pH karibu na 7, kwa hiyo ukilisha kwa pupa tangi linachacha na gesi inakatika kwa wiki kadhaa. Mabaki yana saponini, yanatoa povu linalopanda hadi kwenye mabomba ya gesi. Gesi ina haidrojeni salfaidi inayokula mafuta ya injini na bering. Na korona ikisimama kwa mvua au kwa kukosa wakataji, bakteria wanakosa chakula. Mtu aliyewahi kuendesha tangi la nyuzinyuzi atauliza haya yote siku ya kwanza. Aliyewahi kuendesha tangi la samadi tu atayajua mtambo ukishakwama.

Kwa upande wa leseni kazi ni nyepesi: miradi midogo ya umeme ya kW 100 hadi MW 10 ina utaratibu wake EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na mkataba sanifu wa kuuzia TANESCO, na iliyo chini ya MW 1 husajiliwa badala ya kupewa leseni kamili.

## Soma jedwali la siku

Tuseme shamba la mkonge linataka mtambo wa biogesi wa kW 500, na zabuni mbili zimeletwa. Ukiomba mgawanyo wa siku, jambo ambalo kila mzabuni makini hulitoa bila kununa, unaweza kupata picha kama hii. Tarakimu ya pili ni siku za kuwa Tanga.

| Mtaalamu | Ya kimataifa | Ya nchini |
|---|---|---|
| Kiongozi wa timu | 12 / 3 | 20 / 14 |
| Mhandisi wa biogesi | 15 / 6 | 4 / 2 |
| Mwanaikolojia | 8 / 4 | 10 / 8 |
| Mtaalamu wa jamii | 6 / 3 | 18 / 15 |
| Maji na udongo | 5 / 0 | 8 / 5 |
| Jumla | 46 / 16 | 60 / 44 |

Ya kimataifa inapanga kuandika sura ya maji bila mtu wa maji kukanyaga Tanga, na kumaliza habari ya jamii kwa siku tatu. Ya nchini imempa mhandisi siku nne kwa mtambo ambao kila kitu kinautegemea. Anayeweza kusanifu tangi la mkonge kwa siku nne ananakili la mwingine. Zote mbili zina pengo, na mapengo hayakai mahali pamoja. Ndiyo sababu swali la "ipi bora" halijibiki hapa. Chukua mhandisi wa timu ya kwanza, na wengine wote wa timu ya pili.

## Ubia, na mahali unapovunjikia

Miradi mikubwa imekwisha kufika hapo. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, kati yake kilomita 1,147 zikiwa Tanzania, tathmini yake ya upande wetu iliandaliwa na kampuni ya Uingereza pamoja na ya Kitanzania. Kwa mradi wa MW 5 au ghala la bandarini, mpango huo huo unafanya kazi kwa udogo.

Unavunjikia kwenye mambo matatu. La kwanza ni nani kiongozi. Akiwa mgeni, ratiba itafuata ndege zake, na maswali ya NEMC yatajibiwa kutoka mbali kwa kuchelewa. Kwa mradi usio na mkopo wa nje, kiongozi awe wa nchini na mgeni aandikwe kama mtaalamu wa eneo moja. Mkopo wa nje ukiwepo, geuza. La pili ni mgao wa fedha: mbia wa nchini anapopewa asilimia 15 kwa ajili ya "usajili na mawasiliano", amekodishwa muhuri, hatasoma ripoti anayoisaini. Ukiona mgao huo, kataa. La tatu ni ripoti mbili zinazopingana, ya NEMC kwa Kiswahili na Kiingereza chepesi na ya benki yenye viambatisho ishirini, moja ikisema kaya zilizoguswa ni 31 na nyingine 44. Weka daftari moja la takwimu ambalo wote wanachota humo.

## Kwa mradi upi, timu ipi

Ukaguzi wa nishati kiwandani, paneli juu ya paa, ukaguzi wa mazingira wa kiwanda kilichopo, hoteli ndogo, kituo cha mafuta: ya nchini, bila kusitasita, ila yenye vifaa vyake. Biogesi, upepo, matangi ya mafuta au gesi: ubia, kiongozi wa nchini kama hakuna mkopo wa nje. Upepo unahitaji mlingoti wa vipimo kwa miezi kumi na miwili angalau, kwa hiyo anayekuahidi upembuzi yakinifu wa kupeleka benki kwa miezi minne hana data. Gati, uchimbaji wa bahari, chochote karibu na hifadhi ya silikanti: ubia pamoja na chuo, na bajeti ya misimu miwili. Hatifungani ya kijani: timu yoyote kwa maandalizi, halafu mthibitishaji tofauti asiyekula meza moja nao.

Ukishachagua, fedha zilipwe kwa hatua: asilimia 20 kuanza, 30 hadidu za rejea zikikubaliwa, 30 kwa rasimu kamili, 20 maswali yote ya wapitiaji yakijibiwa kwa maandishi. Usifunge kipande cha mwisho kwenye kutoka kwa cheti peke yake, maana unamtuma mtu atafute njia ya mkato kwa jina lako. Andika majina ya wataalamu wakuu ndani ya mkataba, na kwamba hawabadilishwi bila ridhaa yako ya maandishi na wasifu wa mbadala.

Kisha kifungu ambacho wengi husahau: data ghafi zote ni zako, yaani majedwali ya maabara, viwianishi vya GPS, picha zenye tarehe, orodha za mahudhurio. PDF haitoshi. Miaka mitatu baadaye, jirani wa mradi akija na ndoo ya maji ya kisima akisema yameingia chumvi kwa sababu yako, wataalamu watakuwa wamehamia kazi nyingine na kampuni huenda imebadilisha jina. Mahali utakapotazama ni karatasi ya maabara ya kisima kile kile, iliyochukuliwa kabla hujamwaga zege la kwanza.